Shangazi wa Maabara: "AFP yangu iko juu, nina nini?"

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia kipimo kimoja, kile ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa herufi tatu tu: AFP. Jina lake kamili ni alfafetoprotini, protini ambayo ini la mtoto hutengeneza akiwa bado tumboni. Walioniandikia ni mjamzito, mwanafunzi, baba mwenye homa ya ini, mama wa kichanga, mhasibu na kijana mmoja aliyeomba nisitaje hata mkoa wake.

Nina ombi ambalo nitalirudia mpaka mhariri achoke. Mkinipigia picha karatasi ya majibu, msikate juu wala pembeni. Nataka kuona umri, nataka kuona kizio kilichoandikwa baada ya namba, na nataka kujua daktari aliagiza kipimo kwa sababu gani. "Shangazi, nina 38" hainiambii kitu. AFP ya nanogramu 38 kwa mililita ni kawaida kabisa kwa mjamzito wa wiki ya 16. Kwa mtoto wa miezi 5 pia ni kawaida. Kwa mwanamume wa makamo mwenye virusi vya homa ya ini, hapo tunakaa chini tuzungumze.

Shikamoo Shangazi. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nilipimwa damu wakisema ni wiki ya 16, majibu yakaja AFP 2.6 MoM, pembeni pameandikwa "juu". Muuguzi akaniambia mtoto anaweza kuwa na mgongo wazi. Mama mkwe anasema ni kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango niliyotumia. Ni kweli tangu niiache niliona hedhi mara moja tu, tena matone. Silali. – Mama Kijacho, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Nianze na mama mkwe, maana kaukaribia ukweli bila kujua. Sindano ya uzazi wa mpango haifahamiki kusababisha mgongo wazi. Ila huchelewesha hedhi kurudi, na mwanamke anaweza kushika mimba kabla mzunguko haujatulia. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye sindano, akaona matone mara moja, hana tarehe ya kuaminika ya kuhesabia wiki. Na kipimo hiki bila wiki sahihi hakisomeki.

Nikueleze kwa nini. AFP hutengenezwa kwanza na kifuko cha kiini kinachomlisha mtoto siku za mwanzo kabisa, kisha ini lake hushika kazi hiyo. Inafika kileleni kwenye wiki ya 13 hivi, na wakati huo mililita 1 ya damu ya kijusi huwa na miligramu 2 hadi 3 za AFP. Kiasi kidogo hutoka kwenye mkojo wake na kuingia kwenye maji ya chupa ya uzazi yanayomzunguka, na kidogo zaidi huvuka hadi kwenye damu ya mama. Kinachofika kwako ni makumi ya nanogramu tu kwa mililita, yaani tunapima masalia ya masalia. Mtoto akiwa na uwazi mgongoni, kichwani au kwenye ukuta wa tumbo, protini nyingi zaidi humwagika kwenye maji na damu ya mama hupanda. Jambo hilo lilianza kufahamika mwaka 1972 mjini Edinburgh, pale Brock na Sutcliffe walipokuta AFP imejaa kwenye maji ya chupa ya watoto wenye kasoro hizo. Uskoti wakati ule ilikuwa na watoto wengi wa mgongo wazi, ndiyo maana huko walilitafuta jambo hili kwa bidii.

Sasa hizo herufi MoM. Maabara huchukua wajawazito wote wa wiki moja, huwapanga kuanzia mwenye AFP ndogo hadi mwenye kubwa, na yule wa katikati kabisa ndiye 1.0. Wewe umeambiwa una mara 2.6 ya mama wa katikati wa wiki ya 16. Maabara nyingi huweka alama ya "juu" kuanzia 2.0 au 2.5.

Lakini kati ya wiki ya 15 na ya 20, AFP ya mama hupanda kama asilimia 15 kila wiki. Tuseme mimba yako kumbe ni ya wiki 20. Wiki 4 za nyongeza humfanya yule mama wa katikati awe na karibu mara 1.75 ya kile ulicholinganishwa nacho. Gawa 2.6 kwa 1.75, unapata kama 1.5. Hiyo ni kawaida, na damu ni ileile, hakuna sindano ya pili. Mapacha nao hupandisha namba karibu mara mbili bila mtoto yeyote kuwa na tatizo. Uzito wa mama pia huingia kwenye hesabu, kwa sababu mama mnene ana damu nyingi ya kuizimulia.

Hata tarehe zikiwa sahihi, usijihukumu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 1977 ulionyesha kwamba kwa kikomo cha 2.5, kipimo hiki hukamata karibu mimba 8 katika kila 10 zenye mgongo wazi. Ila mimba 3 katika kila 100 zisizo na kasoro nazo huvuka kikomo. Kwa kuwa watoto wenye mgongo wazi ni wachache, wanawake wengi wanaopewa karatasi kama yako huzaa watoto wazima. Muuguzi angekwambia na hilo, ungelala.

Unachotakiwa kufanya ni altrasaundi ya kina, siyo ile ya dakika tatu ya kukuambia ni wa kike au wa kiume. Mpimaji ahakikishe kwanza mimba ina wiki ngapi na watoto ni wangapi, kisha aangalie kichwa, ubongo wa nyuma, uti wa mgongo wote na ukuta wa tumbo. Wiki zikibadilika, irudishie maabara tarehe mpya wapige hesabu upya. Namba ikibaki juu na picha ikawa safi, usiruke kliniki, kwa sababu mimba za namna hiyo huhitaji kuangaliwa zaidi kwa presha ya mama na ukuaji wa mtoto. Na kama kweli kuna uwazi, ni heri kujua sasa, upangiwe kujifungulia karibu na wapasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imewahudumia watoto hawa kwa miaka mingi.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki unavyopewa kliniki endelea navyo. Kwa mgongo wa mtoto huyu, hata hivyo, kazi imeshapita: mfereji wa neva hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua. Mimba ijayo anza miligramu 0.4 kila siku kabla ya kuacha kinga. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huandikiwa dozi kubwa zaidi na daktari. Jaribio la mwaka 1991 lilitumia miligramu 4 na likapunguza kujirudia kwa tatizo kwa asilimia 72.

Shikamoo Shangazi. Nipo kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kama mtu mzima hana AFP, jeni yake imekwenda wapi? Na mtoto anaitumia kwa kazi gani hasa? Mwalimu alisema niulize wenye mashine. – Mdadisi, Moshi

Marahaba. Mwalimu wako kanitupia mzigo, lakini swali ni zuri.

Jeni haijaondoka. Ipo kwenye kromosomu namba 4, jirani kabisa na jeni ya albumini, protini kuu ya damu yetu, na hizo mbili ni za ukoo mmoja. AFP ni mnyororo wa asidi amino kama 590, wenye sukari kidogo iliyobandikwa, na uzito wake ni kama daltoni 69,000, karibu sawa na albumini. Watafiti wa Sweden, Bergstrand na Czar, waliiona mwaka 1956 walipotenganisha protini za damu ya kijusi kwa umeme kwenye karatasi. Mstari mmoja ukajitokeza pembeni ya albumini, na kwenye damu ya mtu mzima haukuwepo.

Baada ya kuzaliwa, protini nyingine ndani ya chembe za ini huikalia jeni hiyo na kuizuia, huku albumini ikizidi kupanda. Sisi watu wazima hubaki na kiasi kidogo sana, chini ya nanogramu 10 kwa mililita. Chembe za ini zikianza kugawanyika kwa wingi, iwe ni kupona jeraha au ni saratani, kizuizi hulegea.

Kuhusu kazi yake, hapo ndipo panaponipendeza. Inabeba asidi za mafuta na bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, kwenye damu ya kijusi, kama albumini inavyofanya kwetu. Kwa panya, inashika pia homoni ya estrojeni. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Gabant walitengeneza panya wasio na AFP kabisa. Wote walizaliwa wazima, madume wakazaa kama kawaida, majike wakawa tasa. Baadaye ilionekana ubongo wa majike hao ulikuwa umeathiriwa na estrojeni ambayo AFP ingeizuia isiufikie. Usikimbilie kuandika kwenye mtihani kwamba binadamu naye yuko hivyo: AFP yetu haishiki estrojeni kwa nguvu namna hiyo, na wapo watu wachache waliozaliwa bila AFP na wakawa wazima. Kwa hiyo tuna protini inayojaza damu ya kila kijusi, na mtoto anaweza kuikosa akazaliwa vizuri tu. Ukisoma chuo, hilo swali litakusubiri.

Dada, habari za kazi. Nina miaka 46, nafanya biashara ya mahindi na karanga. Miaka ya nyuma nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Nilijisikia mzima, nikaendelea na shughuli. Mwezi wa pili nikapima AFP, 38 ng/ml, kikomo 10, na kipimo cha ini ALT kilikuwa 92. Jamaa mmoja akaniuzia dawa ya mizizi. Mwezi wa nne nimepima maabara nyingine, AFP 31 IU/ml. Anasema dawa inashusha, niongeze chupa tatu. Nimeshatumia laki mbili na ushee. Niongeze? – Baba wa Wanne, Mwanza

Salama kaka. Usiongeze hata kikombe.

Soma tena karatasi zako, safari hii siyo namba, ni herufi zinazofuata. Ya kwanza ni ng/ml, ya pili ni IU/ml. Uniti 1 ya kimataifa ya AFP ni sawa na nanogramu 1.21. Zidisha 31 kwa 1.21, unapata 37.5. Hakuna kilichoshuka. Ni kitambaa kilekile kilichopimwa kwa mita kisha kikapimwa kwa yadi. Huyo jamaa huenda naye hajui, sitaki kumsingizia, lakini laki mbili zako zimenunua tofauti ya vizio. Sijui ndani ya chupa mna nini, na ini lako nalo halijui. Ndilo linalolazimika kuisafisha kila tone, na ALT ya 92 inaonyesha kwamba tayari chembe zake zinavunjika.

Sasa 38 yenyewe maana yake nini? Mwaka 1963 Abelev, mjini Moscow, aliona panya wenye uvimbe wa ini wakitoa tena protini ya kijusi. Mwaka uliofuata Tatarinov, kule Astrakhan, akaikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Ndipo ikawa alama ya saratani ya kupimwa kwa damu, na mpaka leo watu wakiona AFP imepanda wanasikia neno saratani tu. Ila ini linaloshambuliwa na virusi hujeruhiwa na kujijenga upya kila siku, na chembe zinazojijenga nazo hutoa AFP. Mwenye homa ya ini sugu kuwa na 20, 38, hata zaidi ya 100 wakati virusi vimechachamaa, bila uvimbe wowote, ni jambo tunaloliona.

Kinachotupa hofu zaidi ni mwendo. Mtu anayetoka 38 kwenda 60 kisha 140 katika miezi michache ananishtua kuliko aliyekaa na 50 mwaka mzima. Namba inayovuka 400, pamoja na uvimbe kwenye picha, hiyo ni dalili nzito sana. Na kuna upande wa pili ambao wauza vifurushi vya vipimo hawausemi: karibu theluthi ya wenye saratani ya ini wana AFP ya kawaida. Kwa hiyo usije ukapata 6 ukafanya sherehe. Picha lazima iwepo.

Nenda hospitali ya rufaa, kliniki ya ini kama ipo, na karatasi zote mbili. Omba altrasaundi ya ini na wingi wa virusi kwenye damu, urudie ALT pamoja na hesabu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Daktari ataamua kama unaanza dawa ya kufubaza virusi. Tenofovir ndiyo inayotumika sana kwetu, na inapunguza uwezekano wa kupata saratani. Virusi vikitulia na ALT ikishuka, AFP ya namna yako mara nyingi hushuka yenyewe, na hapo nitaamini kwamba kuna dawa iliyoishusha. Isiposhuka, watataka picha za CT au MRI. Baada ya hapo altrasaundi kila miezi 6, pamoja na AFP, maabara moja, kizio kimoja. Usisubiri hadi ini liwe limesinyaa: homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kwenye ini ambalo halijapata makovu makubwa, na kwetu Afrika huja mapema kuliko Ulaya.

Mama watoto na wale wanne wapimwe. Asiye na virusi achanjwe, dozi tatu. Watoto waliozaliwa miaka ya karibuni huenda walishaipata kliniki, angalia kadi. Msitengane sahani, havienei hivyo. Vinaenea kwa damu, kwa tendo la ndoa na wakati wa kuzaa.

Na kwa sababu umesema mahindi na karanga, sikuachii uende bila kutaja sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka zilizohifadhiwa na unyevu. Kwenye ini lenye virusi vya B, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulichukua sampuli 480 za vyakula vya akiba kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, ukakuta sumukuvu kwenye karibu asilimia 30. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 wakafa kwa ini kushindwa. Kupika hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu huitupa, huisagi, huwapi kuku, humuuzii mtengeneza pombe. Najua ni hasara. Wewe unajua zaidi yangu gunia lipi lilinyeshewa.

Pombe, kama unatumia, acha.

Salamu Shangazi. Mtoto wangu alizaliwa wiki ya 35, sasa ana wiki 6. Macho yake bado yana umanjano. Daktari alifanya altrasaundi ya tumbo, hakuna uvimbe, akaagiza na AFP. Majibu ni 4,100 ng/ml na karatasi inasema mwisho ni 10! Nimetafuta kwenye simu nikasoma saratani ya ini ya watoto. Nisaidie. – Mama Mdogo, Likoni, Mombasa

Salamu na wewe, na hongera ya uzazi. Hiyo 10 iliyochapishwa ni ya watu wazima. Mashine haikujua kwamba damu ni ya kichanga, na aliyetoa karatasi hakuibadilisha. Jambo hilo huniudhi kila nikiliona.

Mtoto huzaliwa na AFP iliyobaki kutoka tumboni. Aliyetimiza miezi huzaliwa na wastani wa kama 48,000. Njiti huanza juu zaidi, wastani unapita 130,000. Akifika mwezi 1 wastani ni kama 2,650, na watoto wanatofautiana sana. Miezi 3, kama 90. Kwenye miezi 8 hivi ndipo hushuka chini ya 10. Wa kwako alitangulia wiki 5, kwa hiyo 4,100 akiwa na wiki 6 hainishtui. Arudie kipimo baada ya wiki chache, na lazima iwe imeshuka wazi. Ikipanda au ikigoma kushuka, ndipo daktari atafute uvimbe uitwao hepatoblastoma na magonjwa mengine ya ini ya kuzaliwa nayo.

Mimi nina wasiwasi na jambo ambalo umelitaja kwa nusu sentensi: umanjano wa wiki 6. Angalia nepi leo. Choo ni cha njano au kijani, au ni cheupe, cha rangi ya majivu? Mkojo unaacha doa la njano iliyokolea? Uliza kama walipima bilirubini ya aina mbili, ile ya jumla na ile iliyounganishwa. Kama iliyounganishwa iko juu na choo ni cheupe, inawezekana mirija ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Umebakiwa na muda mfupi. Usingoje miadi ya mwezi ujao. Nenda kesho asubuhi na nepi yenyewe kwenye mfuko. Daktari mzuri hatacheka.

Shangazi, ofisini kwetu wameleta kifurushi cha "vipimo vya kansa zote" kwa damu, AFP ikiwemo. Nina miaka 34, sina ugonjwa. Nilipe? Natumia pia vidonge vya kukuza nywele, sijui kama vina shida. – Mhasibu, Dodoma

Usilipe. AFP kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini wala uvimbe haikuambii chochote cha maana, na ikitoka 12 utazunguka hospitali nzima bure. Hiyo hela nenda ukapime shingo ya kizazi, ukapime homa ya ini B, na uchanjwe kama huna.

Vidonge vya nywele umefanya vizuri kuvitaja. Vingi vina biotini nyingi, na baadhi ya mashine zetu hutumia biotini kunasa kile kinachopimwa. Ikizidi kwenye damu yako, AFP inaweza kusomeka ndogo kuliko ilivyo, na vipimo vya homoni za tezi navyo huvurugika. Kabla ya kutolewa damu, waambie, nao watakueleza uviache siku ngapi.

Shikamoo. Nina miaka 23. Korodani moja ina kitu kigumu, hakiumi, nimekisikia tangu mwaka jana. Nimesoma kwamba AFP hupima saratani ya korodani. Nikapime AFP tu, ikiwa kawaida nitulie? – Nisitajwe

Marahaba mwanangu. Hapana, usitulie. Kuna aina za uvimbe wa korodani zinazotoa AFP nyingi, hasa wenye chembe zinazofanana na zile za kifuko cha kiini. Lakini ipo aina ya kawaida sana, seminoma, ambayo ikiwa peke yake haitoi AFP kabisa. Unaweza kupata 3 kwenye karatasi na uvimbe ukawa palepale.

Kinachoanza ni altrasaundi ya korodani. Damu ya AFP na ya alama nyingine mbili za uvimbe, hCG na LDH, hutolewa kabla ya upasuaji, halafu hurudiwa baada yake. AFP hupungua nusu kwa kila siku 5 hadi 7, kwa hiyo ikikawia kushuka tunajua kuna kilichobaki mahali. Usikubali mtu yeyote akichome sindano kupitia ngozi ya korodani ili achukue kipande. Kama ni saratani, ni mojawapo ya zile zinazopona zaidi kwa upasuaji na dawa, hata ikiwa imesambaa, na huwapata zaidi vijana wa umri wako.

Nenda wiki hii kwa daktari wa upasuaji au wa njia ya mkojo. Kama unaona haya kueleza mbele ya foleni, pale mapokezi sema unaumwa kiuno. Ukishafunga mlango wa daktari, mwambie ukweli.